King'ora si Hukumu: Tuelewe Namna Kipima Mionzi Kinavyosoma

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata, iliyotolewa katika mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Inachapishwa hapa kwa maombi ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie vipima mionzi, yaani mitambo inayosimikwa kwenye malango ya viwanda vya chuma, bandarini na mipakani ili kugundua vitu vyenye mionzi. Kwa kazi yangu mimi ni mtu wa habari. Niliyonayo leo nimeyapata kwa kukaa na wataalamu, kuuliza na kuuliza tena, kwa sababu safari moja nilishindwa kuuliza na kushindwa kwangu kukamuumiza mtu wa kata hii. Naomba nianzie hapo.

Lori la lango la chuma

Wengi mnalikumbuka lile lori la vyuma chakavu lililoondoka hapa alfajiri kuelekea kiwanda kimoja cha kuyeyusha chuma nje ya mkoa wetu. Langoni mwa kiwanda hicho pamesimikwa nguzo mbili zenye vipima mionzi, na kila gari hupita katikati yake. Lori letu lilipopita, king'ora kililia. Kioo cha mtambo kikaandika neno moja: sesiamu.

Kabla ya adhuhuri habari zilikwisha kufika katani. Wengine walisema limekamatwa bomu. Wengine walisema chuma cha kata yetu kina sumu. Mimi nami, badala ya kuuliza mtambo umeona nini hasa na umekionaje, niliketi nikaandika taarifa kwenye kundi la simu la viongozi kwamba shehena yenye mionzi ya hatari imezuiwa ikitoka kata yetu. Taarifa hiyo ilikuwa na mhuri wa ofisi. Uvumi uliokuwa ukitembea kwa miguu ukapata gari.

Kesho yake alikuja mtaalamu wa mionzi akiwa na kipima cha mkononi alichokihakiki asubuhi ileile. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa jepesi mno: aliwaomba dereva na utingo washuke, wasimame mbali na gari. Akalipima gari, likawa kimya. Akampima dereva, naye kimya. Alipomkaribia utingo, kipima kikalia. Kijana yule alikuwa ametibiwa tezi ya shingo hospitalini siku 12 kabla ya safari, kwa kunyweshwa dawa ya iodini-131. Alikuwa amemaliza siku za kujitenga alizoelekezwa na daktari na alikuwa ameruhusiwa kurudi kazini. Katika vyuma vile hapakuwa na sesiamu hata chembe.

Ukweli ulichukua siku nyingi kufika huku kuliko uvumi. Kwa muda wote huo watoto wa ndugu yetu walikuwa wakirudishwa kutoka kwenye bomba la maji. Mke wake, ambaye ni mama lishe sokoni, alipika na kubaki na sufuria zake. Watu walimwambia usoni kwamba lisemwalo lipo. Ndugu huyu ameniruhusu nilisimulie jambo hili mbele yenu, nami namshukuru, na mbele yenu namwomba radhi.

Swali lililobaki, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo, ni hili: mtambo uliona iodini, kwa nini uliandika sesiamu? Jibu lake linagusa namna mitambo hii inavyopangwa, na ndani yake mna funzo kwa kila mmoja wetu.

Mtambo unasikia nini?

Ndugu wananchi, mionzi haikuletwa na viwanda peke yake. Iko katika udongo tunaoulima, katika mawe ya misingi ya nyumba zetu, katika miale itokayo angani, na hata katika miili yetu, kwa kuwa tunakula vyakula vyenye potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni potasiamu-40, ambayo hutoa mionzi. Kwa hiyo kipima mionzi hakikai kimya kabisa hata siku moja. Kinahesabu miale ya mahali kilipo usiku na mchana, na kinapiga king'ora hesabu inapopanda juu ya kawaida ya mahali hapo.

Kujua kwamba hesabu imepanda ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kujua ni nani aliyeipandisha. Elementi moja huweza kuwa na aina kadhaa za atomu zinazotofautiana kwa uzito, na aina hizo ndizo tunazoziita isotopu. Isotopu zenye mionzi zina tabia moja inayowasaidia wataalamu: nyingi hutoa miale ya gama yenye nishati maalumu, na nishati hiyo haibadiliki. Ni kama anwani ya nyumba. Wataalamu huipima kwa kipimo kinachoandikwa keV. Amerisiamu-241, inayotumika katika baadhi ya vitambua moshi, hutoa mwale wa takriban keV 60. Teknesiamu-99m, inayotumiwa sana hospitalini kupiga picha za mifupa na viungo vya ndani, hutoa keV 140. Mwale mkuu wa iodini-131 ni keV 364. Sesiamu-137 ni keV 662. Kobalti-60 ina miale miwili, keV 1,173 na keV 1,332. Potasiamu-40, iliyomo katika mbolea ya potashi na katika ndizi zetu, ni keV 1,461.

Ndani ya vipima vingi mna fuwele ya iodidi ya sodiamu. Mwale wa gama unapoingia katika fuwele hiyo hutoa mmweko mdogo wa mwanga, na kadiri nishati ya mwale iliyobaki ndani ya fuwele inavyokuwa kubwa, ndivyo mmweko unavyokuwa mkali. Kifaa cha umeme huupima kila mmweko na kuuandikia namba yake. Baada ya sekunde chache mtambo unakuwa na orodha ndefu ya namba, na katika orodha hiyo ndimo anwani zinamotafutwa.

Dirisha la nishati

Wakulima wenzangu wataelewa nikitoa mfano wa ghala la chama cha ushirika. Karani yuko mlangoni na mizani. Tuseme ameagizwa kwamba gunia lenye kilo 95 hadi 105 liende safu ya kwanza, na lenye kilo 45 hadi 55 liende safu ya pili. Hatazami ndani ya gunia. Anatazama mizani tu. Mipaka hiyo miwili, wa chini na wa juu, ndiyo ambayo katika kipima mionzi huitwa dirisha la nishati. Dirisha la sesiamu, kwa mfano, linaweza kuwekwa kati ya keV 620 na keV 705. Mmweko wowote ulioangukia humo huhesabiwa kwa jina la sesiamu.

Kwa nini dirisha liwe pana kiasi hicho, ikiwa anwani yenyewe ni 662 kamili? Kwa sababu fuwele haipimi kwa ncha ya sindano. Miale ya nishati ileile hutoa mimweko inayotofautiana kidogo, hivyo hesabu zake hutawanyika na kufanya kilima chenye kilele kwenye 662 na miteremko pande zote mbili. Dirisha likiwa jembamba mno, sehemu kubwa ya kilima hubaki nje na mtambo hupungukiwa na ushahidi. Likiwa pana mno, jirani huingia na kuhesabiwa kama mwenye nyumba. Kwa picha za hospitalini za teknesiamu, wataalamu wengi huweka dirisha lenye upana wa asilimia 20, yaani kutoka keV 126 hadi keV 154. Wanaotafuta madini kwa kupima mionzi ya ardhi nao wana dirisha lao la potasiamu, kutoka keV 1,370 hadi keV 1,570. Kila kazi ina madirisha yake, na anayeyapanga lazima ajue anatafuta nini na ni nani wanaoishi jirani.

Dirisha lililofungwa

Sasa turudi kwenye lile lango. Mtaalamu alipofungua mipangilio ya mtambo alikuta kwamba dirisha la iodini limezimwa. Kisa chake ni cha kibinadamu. Siku za nyuma abiria na vibarua waliotoka hospitalini walikuwa wamekiliza king'ora mara kadhaa, foleni ya malori ikawa ndefu, watu wakanung'unika. Mtu mmoja akaona njia ya mkato: iodini iondolewe katika orodha ya majina ambayo mtambo unaruhusiwa kuyataja.

Lakini kuondoa jina hakuondoi miale. Iodini-131 ina mwale mkuu wa keV 364, na pamoja nao ina miale mingine midogo, mmojawapo wa keV 637. Tazameni vizuri namba hiyo. Dirisha la sesiamu lilianzia 620. Mwale huo mdogo wa iodini ulipita moja kwa moja ndani ya dirisha la sesiamu. Hesabu ya jumla ikapanda, king'ora kikalia, na mtambo ulipotafuta jina la kutaja haukuwa na ruhusa ya kusema iodini. Ukasema jina lililobaki.

Ndugu wananchi, mtambo ule haukuwa mbovu. Ulisema kile ulichoruhusiwa kusema. Aliyeuziba mdomo upande mmoja ndiye aliyeufanya umsingizie mtu upande wa pili. Waliotutangulia walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Tangu siku ile nimeulizwa mara nyingi, na swali hili ni la haki: je, haiwezekani mitambo yote ikaambiwa ipuuze dawa za hospitali, ili wagonjwa wetu wasisumbuliwe? Nimewauliza wataalamu, na jibu lao ni kwamba njia hiyo ina hatari kubwa kuliko usumbufu wenyewe. Jirani wa karibu wa iodini ni iridiamu-192, ambayo mafundi huitumia kukagua maungio ya mabomba na matangi. Miale yake mikubwa iko karibu na keV 308, 316 na 468. Kwenye fuwele ya kawaida mteremko wa kilima cha 316 hugusana na mteremko wa kilima cha 364. Ukiweka eneo la kupuuza iodini likawa pana kidogo tu, umeifunika na iridiamu. Nayo iridiamu ya viwandani ikitoka kwenye kasha lake la kinga huweza kuunguza mwili wa aliyeitia mfukoni bila kujua. Mipakani wana sababu nyingine tena: plutoniamu-239 ina miale karibu na keV 375 na keV 414, jirani kabisa na iodini. Mwenye nia mbaya angefurahi mno kama tungelifumba jicho hilo.

Kwa hiyo njia iliyo sahihi ni kuliacha dirisha wazi na kubadilisha kinachofuata baada ya king'ora. Mtambo utaje iodini ikiwa umeiona. Kisha msimamizi atenganishe watu na mzigo, apime kila upande peke yake, atafute mwale wa pili na wa tatu unaothibitisha jina, aulize kwa staha, aone cheti cha hospitali, na mtu aende zake. Shughuli hiyo ni ya dakika chache. Sisi tulimpotezea ndugu yetu wiki nzima.

Mizani inapohama

Kuna kosa la pili ambalo halihitaji mtu mwenye haraka wala mwenye uzembe. Linaletwa na jua. Fuwele na kifaa chake cha kupimia mwanga hubadilika kidogo kadiri joto linavyopanda na kushuka. Mtambo uliopangwa alfajiri yenye baridi huweza mchana kuandika namba ambazo zimehama.

Tuchukue mfano ili kila mmoja aweze kuhesabu mwenyewe. Tuseme mtambo umeshuka kwa asilimia 10. Mwale wa sesiamu wa 662 utaandikwa kama 596 hivi. Dirisha la sesiamu linaanzia 620. Sehemu kubwa ya kilima imekwisha kutoka nje ya dirisha, na sesiamu ya kweli inaweza kupita bila kutajwa. Wakati huohuo, mwale wa potasiamu wa 1,461 utaandikwa kama 1,315. Hapo ni jirani na 1,332 ya kobalti. Mkulima aliyebeba mifuko ya mbolea ya potashi ataambiwa kwamba amebeba kobalti.

Tazameni uzito wa jambo hili. Kosa moja, katika saa moja, limemficha mwenye hatari na kumshtaki asiye na hatia. Ndiyo maana nasema kwamba uhakiki wa mtambo ni jambo la haki, si jambo la mafundi pekee.

Dawa yake ipo na haina gharama kubwa. Kila siku, kabla ya kazi, msimamizi huweka mbele ya mtambo chanzo kidogo cha majaribio ambacho jina lake linajulikana, mara nyingi sesiamu-137 ya kiwango hafifu. Kama kilele hakikuangukia 662, mtambo hurekebishwa mpaka kiangukie hapo. Kisha siku, saa na matokeo huandikwa katika daftari. Mitambo mingine hujirekebisha yenyewe kwa kuifuata potasiamu ya asili ya mahali, ile ya 1,461, ambayo haikosekani. Na kwa kobalti kuna shahidi wa nyongeza: kwa kuwa ina miale miwili, ukikuta kilele cha 1,332 bila mwenzake wa 1,173, basi mshuku mtambo kabla hujamshuku mtu.

Sisi sote tunajua desturi hii. Hakuna mkulima hapa anayekubali pamba yake ipimwe kwenye mizani isiyo na alama ya Wakala wa Vipimo. Kipima mionzi nacho ni mizani.

Kwa nini tusiache kupima?

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, kama mitambo hii inasingizia watu, si bora iondolewe?" Nilimjibu kwa mambo matatu yaliyotokea kwa wengine.

La kwanza ni la mji wa Goiânia, nchini Brazili, Septemba 1987. Watu wawili waliingia katika jengo la kliniki lililoachwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya tiba ya saratani ili waiuze kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137. Unga ule uling'aa kwa rangi ya bluu gizani, watu wakagawiana, wengine wakajipaka. Majuma mawili yalipita kabla ya kujulikana. Mwanafizikia aliyekwenda kuchunguza aliazima kipima kinachotumiwa na watafutaji wa madini. Alipokiwasha, kilifika mwisho wa kipimo kila alikokielekeza, akadhani kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Cha pili kikasema vilevile. Watu wapatao 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafuzi wa mionzi, na wanne wakafariki katika majuma machache. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 6.

La pili ni la Ciudad Juárez, nchini Meksiko. Mashine ya tiba yenye kobalti-60 iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1983, punje zake ndogo zapata 6,000 zikachanganyika na vyuma vingine, zikayeyushwa na kufanywa nondo. Hakuna aliyejua. Januari 1984 lori lililobeba nondo hizo lilipotea njia karibu na maabara ya Los Alamos huko Marekani, likapita kwenye kipima mionzi, king'ora kikalia. Kama dereva yule asingekosea njia, haijulikani nondo zile zingekaa katika nguzo za nyumba za watu kwa miaka mingapi. Baada ya hapo mamia ya majengo yalibomolewa kwa sehemu au yote.

La tatu ni la faraja. Januari 2023, huko Australia Magharibi, kidonge cha sesiamu-137 chenye urefu wa milimita 8 na upana wa milimita 6 kilidondoka kutoka kwenye gari katika safari ya kilomita 1,400. Kidonge kidogo kuliko punje ya mhindi katika barabara ndefu kuliko ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Kilipatikana tarehe 1 Februari, kiasi cha mita 2 kutoka ukingo wa barabara, na gari lililokuwa likienda kilomita 70 kwa saa likiwa na vipima vilivyopangwa sawasawa.

Biashara ya vyuma chakavu inalisha kaya nyingi katika kata hii. Wa kwanza kushika chuma kibaya hatakuwa mwenye kiwanda. Atakuwa kijana wetu mwenye mkokoteni. Kipima kilichohakikiwa vizuri ni mlinzi wake kabla hakijawa mlinzi wa kiwanda.

Yatupasayo kufanya

Kwa wanunuzi na waokotaji wa vyuma: mkiona alama ya mionzi, ambayo ni mabawa matatu meusi yaliyozunguka duara dogo, mara nyingi kwenye usuli wa manjano, msifungue. Vilevile mjihadhari na kasha dogo lenye uzito usiolingana na ukubwa wake, kwa kuwa vyanzo vya mionzi hufungwa ndani ya risasi au metali nyingine nzito. Msikate, msigonge, msiyeyushe, msichukue nyumbani. Sogeeni mbali. Ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Zuieni wengine wasikaribie, kisha toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mtendaji au polisi, ili iwafikie wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hiyo ndiyo taasisi iliyopewa dhamana ya usalama wa mionzi kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003.

Kwa madereva na matingo: king'ora kikilia, simameni. Msikimbie, msimwage mzigo njiani, maana mzigo uliotelekezwa porini ndio unaookotwa na watoto. Ombeni watu wapimwe mbali na gari. Mna haki ya kuuliza kwa adabu: mtambo umetaja isotopu gani, na ulihakikiwa lini? Msimamizi makini atafungua daftari na kuwaonyesha.

Kwa waliotibiwa au kupigwa picha kwa dawa zenye mionzi: ombeni cheti cha hospitali kinachotaja jina la dawa, kiasi na tarehe, mkitunze, na mkitembee nacho. Teknesiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo huisha haraka. Iodini-131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8: baada ya siku 8 imebaki nusu, baada ya siku 16 robo, baada ya siku 24 sehemu moja ya nane. Vipima ni vyepesi kusikia kiasi kwamba huweza kuitambua kwa wiki kadhaa, muda mrefu baada ya kumalizika kwa siku za tahadhari. Fuateni masharti ya daktari kuhusu kulala peke yenu na kukaa mbali na watoto wadogo na wajawazito. Masharti hayo yakiisha, mgonjwa ni mwenzetu kama alivyokuwa jana.

Kwa majirani: maji ya bomba hayana sababu ya kukatazwa kwa mtoto kwa kuwa baba yake ametibiwa shingo. Tukisikia neno mionzi, swali letu la kwanza liwe hili: mionzi ya nini? Mtu ambaye hajui jina la isotopu hajui bado kama kuna hatari.

Na kwa ofisi yangu: tangu sasa hakuna taarifa ya mionzi itakayotoka kwangu kabla sijapata majibu ya maswali matatu. Mtambo umetaja nini? Kipimo cha pili kimesema nini? Watu na mzigo vimetenganishwa? Nimeyaandika maswali hayo kwenye karatasi na kuyabandika ukutani juu ya meza yangu. Atakayepita ofisini anaweza kuyasoma, na akiona nimeyavunja anikumbushe.

Ndugu wananchi, mtambo wa kupima mionzi hauna chuki wala huruma. Unapima mimweko na kuiweka katika madirisha tuliyoupangia. Tukiyapanga kwa uangalifu, utatuambia ukweli hata pale ambapo ukweli huo unatuchelewesha foleni. Tukiyapanga kwa kukimbia usumbufu, utatuambia uongo kwa sauti kubwa. King'ora kinatuita tukapime vizuri; hukumu huja baada ya kupima.

Jana nilipita sokoni kununua chakula cha mchana kwa mama lishe wetu. Sufuria ya wali ilikuwa imebaki nusu. Naomba kesho nikipita niikute tupu.